Doa kwenye Kioo cha Gari la Baraza

Rafiki yangu Oarabile, mpiga picha wa mjini Serowe, alitakiwa kulipiga picha gari jeupe la baraza la mji lililokuwa likienda mnadani. Kamati ya mnada ilikwisha kumkatalia picha mara mbili, eti weupe wa gari pichani haukidhi hadhi ya serikali. Ikikataa tena, kazi inakwenda kwa mwingine. Safari hii akasubiri jua lizame, ndipo rangi nyeupe hupendeza.

Uwanja wa mnada ulikuwa kimya. Ofisa wa mnada, Mma Gabaake, yaani Bibi Gabaake, akaonyesha doa kwenye kioo cha nyuma.

"Futa hilo doa, rra. Au nalo tulinadi?"

Oarabile akafuta. Doa likabaki. Giza likiingia, akasikia kitu kama mtu anahema.

"Liko ndani, mma. Nipe ufunguo."

"Ufunguo ulipotea mwaka jana. Gari halijafunguliwa tangu hapo; tumelileta juu ya lori."

Akasogeza uso kiooni. Doa lile lilikuwa ukungu wa pumzi upande wa ndani, ukitanuka na kunywea, polepole.