Mita Tatu Kuelekea Barabarani

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, siku ya pili tangu arudi likizo kutoka Ujerumani, Wilhelmina alifika kwenye nyumba yake mjini Bariadi akakuta alama ya X nyekundu ukutani. Chini yake paliandikwa: BOMOA, SIKU 30.

Miaka minne aliijenga nyumba hiyo kwa simu, akipiga zamu mbili mbili za uuguzi huko ugenini. Ilikuwa imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Kibali alikuwa nacho, ramani iligongwa muhuri, ada zote zililipwa. Masikini, alifanya kila kitu walichomwambia.

Ofisa wa ardhi alimweleza kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi: nyumba imeingia mita tatu kwenye hifadhi ya barabara. Kipimo cha setilaiti kilionyesha kwamba bikoni zote nne, yale mawe ya zege ya pembe za kiwanja, zilihamishwa. Kuhamisha bikoni ni jinai. Saa nne jalada lilikuwa mezani kwa Koplo Justina wa upelelezi.

Justina alianza na fundi, Marcelo.

"Afande, mimi nimefuata bikoni," alisema Marcelo, jasho likimtoka. "Nilivuta kamba bikoni hadi bikoni. Ramani inasema shimo la choo liwe mita mbili kutoka mpaka wa nyuma, nikapima mbili, nikachimba."

"Hukuona kama zimeguswa?"

"Zilikuwa zimeshindiliwa vizuri. Aliyezichimbia hakuwa na haraka."

"Nani alikukabidhi kiwanja?"

"Msimamizi, mzee Mihayo, baba yake dada mwenye nyumba. Hakosi hata siku ya mvua."

Aliyepakana na kiwanja kwa nyuma alikuwa Hamza, muuza saruji na mabati. Kiwanja kikisogea mbele, yeye ndiye anayeachiwa mita tatu za bure. Ofisini kwa ofisa wa ardhi walishamhukumu. Saa sita na nusu Justina alimkuta dukani.

"Dada yangu, ningeiba ardhi halafu niiache?" Hamza alikasirika waziwazi. "Ukuta wangu uko palepale tangu kabla ujenzi huo haujaanza. Njoo na futi yako upime!"

Wakaenda kiwanjani, Justina akapima. Hamza alisema kweli. Ukuta wake ulikaa kwenye mpaka halali, na mita tatu kati ya ukuta huo na bikoni za uongo zilikuwa zimeachwa wazi. Uwanja wote kuzunguka nyumba ulipandwa mahindi isipokuwa ukanda huo. Ulikuwa umefagiwa. Ndani yake, minyaa michanga, mimea ya kuzungushia ua, ilipandwa kwa duara, upana wa ungo.

"Nani anafagia hapa?"

"Mzee Mihayo. Kila Ijumaa nikitoka msikitini namkuta. Nilidhani ni mambo ya usafi."

Justina alikulia Kimali, kwenye kaya za wafugaji. Alijua boma la minyaa la ndama au la vifaranga, na kila boma lina mlango. Hili halikuwa nao. Akakunjua ramani, akapima mita mbili kutoka mpaka halali. Futi ikaishia katikati ya duara. Kama bikoni zisingehamishwa, shimo la choo lingechimbwa hapo. Alitamani kesi hii angepewa mwingine.

Saa kumi jioni aliwakutanisha baba na binti kiwanjani. Mzee Mihayo alivua kofia alipowaona.

"Mwadila, baba," Justina alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," mzee aliitikia, akimwita mama.

"Baba, bikoni ulihamisha wewe."

Mzee hakubisha. "Ni mimi. Kabla fundi hajaja."

"Baba!" Wilhelmina alimshika mkono. "Si ungenipigia simu?"

"Ningesema nini, mayu? Ulishaniambia ramani ikibadilishwa ni kumlipa mchoraji upya na kuomba kibali upya. Nikaona jiwe ni jiwe tu. Sisi mashamba tumegawana kwa mawe na minyaa tangu nazaliwa. Jiwe likikaa na watu wakalikubali, huo ndio mpaka. Sikujua siku hizi wanapima kutoka juu."

"Sasa pale kuna nini?"

Mzee aliigeuzageuza kofia mikononi. "Mtoto wako."

Wilhelmina alikaa chini, pale pale penye mchanga wa fundi.

"Ulikuwa na miaka kumi na nane," mzee alisema. "Ulilazwa Mwanza baada ya kujifungua, hujitambui. Mimi na marehemu mama yako tukamleta hapa. Wakati ule hapa palikuwa nyuma ya nyumba yetu, hapajapimwa viwanja. Wazee wakasema mtoto ambaye hakulia haombolezwi, na mama yake asionyeshwe alipolala. Ukapona, ukasafiri. Hukuuliza."

"Niliogopa kuuliza."

"Basi na mimi niliogopa hivyo hivyo. Nimekuvunjia nyumba, mwanangu. Nisamehe."

Justina aliandika maelezo ya mzee kama sheria inavyotaka, na kila sentensi ilimuuma. Nyumba ingebomolewa. Mzee angefika mahakamani. Neno moja la simu lingeokoa vyote, na neno hilo lilikuwa gumu kuliko zege.

Wilhelmina alisogea hadi kwenye minyaa. "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike. Nywele nyingi."

"Mlimpa jina?"

"Wazee walikataa. Lakini mimi nikija kufagia huwa namwita Monika."

Justina alifunga daftari, akaondoka kuelekea barabarani. Nyuma yake alimsikia Wilhelmina akiliita jina hilo kwa sauti, kama mama anayemwita mtoto aje kula.