Goti la Dereva

Mtaani wanamwita Dereva. Aliendesha malori miaka mingi, na sasa amestaafu. Mke wake ni fundi cherehani. Mama huyo hushona barazani kutwa nzima, na mumewe hukaa karibu wakipiga soga.

Jambo moja lilikuwa limempita Dereva: hakujua kuendesha baiskeli. Basi akajinunulia moja kuukuu.

"Utaanguka, mzee mwenzangu," mkewe alimwambia.

"Lori la matairi kumi nililiweza. Haya mawili yatanishinda?"

Yakamshinda. Asubuhi moja, kwenye kona yenye kokoto, baiskeli iliteleza. Dereva alirudi akiikokota. Suruali ilikuwa imechanika, na goti lilikuwa linavuja damu, limejaa mchanga.

Mkewe hakucheka. Alikumbuka mchubuko wa mwaka jana. Nao ulikuwa mdogo tu. Waliupaka dawa ya meno, wakauacha wazi ili ukauke. Ukatunga usaha, mguu ukavimba, na Dereva akalazwa hospitali. Mama hakutaka kuyaona tena yale. Lakini njia nyingine hakuijua. Akaingia ndani, akatoka na dawa ya meno.

Wakati huohuo jirani yao, muuguzi, alifika kuchukua gauni lake.

"Shikamoo, mama. Hiyo ni ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni ya goti la mzee. Inakausha."

"Hapana, mama. Hiyo itamwasha tu na kufungia uchafu ndani. Kidonda hakitaki kukaushwa. Kikiwa na unyevu kidogo, ngozi mpya huota upesi. Una maji safi na sabuni?"

"Vipo."

"Basi nawa mikono kwanza."

Mama akanawa vizuri. Muuguzi akamwambia akandamize goti kwa kitambaa safi.

"Usifunue kila mara kuchungulia. Tulia hapohapo."

Damu ikakatika. Kisha mama akamimina maji juu ya kidonda mpaka mchanga wote ukatoka. Sabuni aliipaka pembeni tu, kwenye ngozi isiyochubuka.

Dereva akakunja uso. "Polepole, mama. Hilo ni goti, si sufuria."

"Tumpake spiriti?" mama aliuliza.

"Hapana, inaunguza ngozi changa. Maji safi yanatosha. Sasa paka vaselini kidogo, halafu funika kwa bendeji safi. Ibadilishe kila siku, na kila ikilowa au kuchafuka. Gamba likitokea, msilibandue."

"Na likianza kuharibika, tutajuaje?"

"Maumivu yatazidi. Goti litavimba na kuwa la moto, au litatoa usaha, au mzee atapata homa. Hapo msingoje, njooni kituo cha afya. Kidonda kirefu kilichoachama pia si cha kutibu nyumbani. Wala cha kuumwa na mnyama, wala damu isiyokoma." Akamgeukia Dereva. "Mzee, sindano ya pepopunda ulichomwa lini?"

"Mwaka jana, nilipolazwa."

"Vizuri. Ingekuwa zamani sana, tungeondoka wote sasa hivi ukachomwe nyingine."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi mama alinawa mikono, akafungua bendeji na kuangalia. Dereva naye aliinama kutazama, kama mtu anayekagua injini. Usaha haukuonekana. Uvimbe ulipungua. Taratibu, ngozi mpya laini ikafunika goti lote.

Mama akatenga droo moja ya meza yake ya kushonea. Humo akaweka sabuni, bendeji, plasta na vaselini. Hakuruhusu hata kifungo kimoja kuingia humo.

Siku moja mkanda wa cherehani ukalegea. Dereva akapiga goti sakafuni na kuanza kuukaza. Mama akasimama kando, akisikiliza kama ataguna.

Hakuguna. Alikuwa anapiga mluzi.

"Bado?" mama akauliza.

"Bado kidogo," Dereva akajibu, akiwa bado amepiga goti. "Sina haraka."