Ubao Uliorudishwa

Msusi alipiga pampu mara chache tu, kisha mkono ukakwama. Ubao wa kujaza upepo ulikuwa umeshajaa.

"Mbona mapema hivi?" aliuliza mumewe, fundi wa friji, karatasi ya maelekezo mkononi. "Hapa wanasema mpaka mtu atoke jasho."

"Labda pampu ni nzuri."

"Pampu iliyokuja na ubao wa bei ya kutupa?" Aliinama akaugonga ubao kwa vidole, kama anavyogonga mtungi wa gesi kujua umebaki kiasi gani. Kisha akaweka kiganja kizima juu yake, na papo hapo akakiondoa. "Una joto."

Lilikuwa joto dogo, kama la kitanda ambacho mtu ametoka kukiacha. Msusi alisema ni jua la dirishani. Nje kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Miaka yote ya ndoa yao msusi alikuwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu, akisuka, na mgongo ulikuwa umeanza kumdai. Daktari alimwambia atafute mazoezi ya majini. Mji wao ulikuwa kando ya ziwa, na kila Jumapili aliwaona watu wakipita juu ya maji, wamesimama wima kwenye mbao zao za kujaza upepo, wanapiga kasia taratibu kana kwamba hawana deni na mtu. Akatamani. Dukani mbao zote zilimshinda bei isipokuwa mmoja, uliolala pembeni, boksi lake limefungwa upya kwa karatasi ya gundi.

"Huu ulirudishwa," muuzaji alimwambia.

"Una tundu?"

"Hauna. Niliujaza mwenyewe ukakaa wiki nzima bila kupungua."

"Sasa aliyeurudisha alilalamikia nini?"

Muuzaji alijishughulisha na kufuta kaunta. "Hakulalamika. Aliyeuleta ni mkewe. Yeye mwenyewe alibaki garini, anatabasamu tu."

Msusi alicheka, akalipa. Wifi yake, dada wa fundi, ambaye nyumba yao ilikuwa kama yake kwa jinsi alivyokuja bila hodi, aliutazama ule ubao sebuleni akatikisa kichwa. "Rahisi huvunja upishi, wifi. Ukizama usije kunilaumu."

"Nikizama nitakulaumu vipi?"

"Nakujua wewe. Utapata njia."

Jumapili walikwenda ziwani. Msusi alianza kwa magoti, akayumba, akashika kingo, binti yake akimshangilia kutoka ufukweni. Binti huyo alikuwa na miaka sita na walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hatimaye msusi akasimama.

Ubaridi ulipanda kutoka kwenye nyayo. Ulipita kwenye vigimbi, magoti, ukafika kiunoni, na pale ulipofika maumivu yalizimika kama taa. Alikaa katikati ya maji yaliyotulia akisubiri mgongo uanze tena. Haukuanza. "Laiti ningebaki hivi hivi," alisema kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumsikia. Ubao ukainuka kidogo chini ya miguu yake, ukashuka. Hapakuwa na wimbi.

Alirudi nyumbani anaimba, na fundi, ambaye hakuwahi kumsikia akiimba tangu Chiriku alipokuwa mchanga, aliona pesa yao haikupotea.

Siku mbili baadaye, saluni, msusi alikuwa ananyoosha nywele za karani mmoja wa benki. Karani akanusa hewani.

"Dada, kuna kitu kinaungua."

"Ni mafuta ya nywele."

"Siyo mafuta. Kinanuka kama nyama."

Msusi aliangalia chini. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala kwenye bati la pasi ya nywele, kimetulia, na ngozi ilikuwa imeanza kujikunja. Alikitoa. Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Karani ndiye aliyepiga kelele.

Jioni ile fundi aliamua kuutoa ubao upepo, maana ulikuwa umesimama koridoni na kila mtu aliupita kwa ubavu. Akafungua valvu. Upepo ukatoka ukivuma, ukaendelea kutoka wakati anakunja nguo, wakati anakula, wakati taarifa ya habari inaanza na inakwisha, na ubao haukupungua hata unene wa ukucha. Harufu ikajaa koridoni, harufu nzito ya mdomo wa mtu aliyelala muda mrefu bila kuamka. Fundi alifunga valvu, akanawa mikono, akanawa tena.

"Mimi napajua pa kutafuta upepo unapotoroka," alimnong'oneza mkewe. "Hii ndiyo kazi yangu. Upepo ule hautoki ndani ya ubao."

"Unatoka wapi?"

"Sijui. Nakwambia tu sijui."

"Sawa," alisema msusi, akageuka kulala.

Ubao ukalazwa chini sebuleni, na Chiriku akaufanya kochi lake la kutazamia katuni. Siku moja alasiri msusi alimsikia anaongea peke yake, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake ya kawaida.

"Unaongea na nani?"

"Na ubao. Unaniuliza panauma wapi."

"Ukauambiaje?"

"Nikauambia hapa nilipojikwaa." Chiriku akaonyesha goti lenye kidonda kibichi, kisha akalipiga ngumi. "Sasa hapaumi. Tazama, mama." Akalipiga tena.

Msusi alitazama. Alijua kwamba mama mwingine yeyote angemnyanyua mtoto pale, akatoka mbio. Alilitafuta hilo jambo ndani yake kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi katika chumba kigeni. Simu ikaita. Alikuwa dada yake mkubwa, analia, anasema mama mdogo amefariki, mama mdogo aliyewalea wote wawili tangu mama yao alipoondoka duniani, amefariki akiuliza habari zao.

"Sawa," alisema msusi. "Asante kwa taarifa."

"Wewe ni mzima?" dada yake aliuliza.

"Mzima kabisa. Hakuna kinachoniuma."

Fundi alisikia yote kutoka jikoni. Alikaa juu ya kindoo kilichopinduliwa, yeye mwanamume wa makamo, akamlilia mama mkwe mdogo kwa niaba ya mkewe, kwa sababu mtu fulani katika nyumba ile ilibidi alie.

Wifi ndiye aliyevunja ukimya. Aliingia siku ya mapumziko, mchana kweupe, mfuko wa machungwa begani, akamkuta Chiriku amekaa juu ya ubao, macho kwenye katuni, anatafuna taratibu. Akadhani ni ubani wa kutafuna. Kisha akaona kidevu, akaona gauni, akaona kwamba mtoto alikuwa anatafuna mdomo wake mwenyewe kwa ndani, anatafuna na kumeza, na anatabasamu pale panapochekesha.

"Haiumi, shangazi," alisema Chiriku, na damu ikamtoka pamoja na maneno.

Machungwa yakatawanyika. Kelele za wifi zilimleta fundi kutoka chumbani na msusi kutoka uani. Msusi akasimama mlangoni. "Mfute," alisema.

Fundi alimtazama mkewe, akautazama ubao, na kilichofuata hakukipanga: alichukua kisu cha jikoni akakididimiza katikati ya ubao mpaka mpini, na wakati uleule, mikononi mwa wifi, Chiriku alifungua mdomo na hakuna hewa iliyoingia, akakabwa bila sauti, midomo ikageuka rangi ya bluu, vidole vikakunjuka kimoja kimoja, na fundi alipokichomoa kisu kwa kilio ndipo mtoto akavuta pumzi ndefu, na pale kisu kilipokuwa pamejifumba, hapana hata alama.

"Twende kwa Mama Pumu," alisema wifi. "Au aje. Aje leo hii."

Mama Pumu alikuja kabla jua halijashuka. Alikuwa mganga mnene, mwenye pumu iliyompa hilo jina, na alilazimika kupumzika mara mbili kwenye ngazi. Hakubeba tunguri wala kitambaa chekundu. Alivuta dawa yake ya pumu, akaketi sakafuni kando ya ubao, akamkalisha Chiriku mbele yake.

"Mgeni," alisema kwa upole, "umekuja na nani?"

Mdomo wa Chiriku ulijibu, lakini sauti ilikuja imechoka, ya mtu mzima. "Nimeletwa na mwenye nyumba. Alinijaza kwa mikono yake."

"Umewaibia watu hawa."

"Sijaiba. Niliuliza panapouma, nikaonyeshwa. Mwanamke alinipa mgongo, nikachukua. Nyuma ya mgongo palikuwa na mengine, nikachukua."

"Na mtoto? Mtoto ana maumivu gani ya kukushibisha?"

Chiriku akatabasamu kwa mdomo uliochanika. "Anayo mengi njiani."

Wifi alijiziba mdomo kwa kanga.

Mama Pumu aligeuka kwao, na kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa. "Huyu ni jini wa pumzi," alinong'ona. "Hachomwi wala hakatwi, mmeona wenyewe. Aliyemjaza ndiye anayeweza kumtoa. Afungue valvu, aweke mdomo, avute pumzi moja tu. Jini atamjia mdomoni. Atoke nje ya mlango ampulize kwenye upepo. Asimeze, asiseme hata neno moja kabla ya kuvuka kizingiti."

"Nitavuta mimi," alisema fundi.

"Wewe hukumjaza."

"Na akimeza?" aliuliza wifi.

"Atakuwa amempa nyumba nyingine." Mama Pumu hakuitaja nyumba hiyo. Alimtazama msusi kifuani tu. Kisha akamuuliza, "Mama, unampenda mtoto wako?"

Msusi alifikiri. Wote walimwona akifikiri. "Najua kwamba nampenda," alisema.

"Unajua tu?"

"Najua tu. Hakuna kingine."

"Basi shika hicho hicho. Kitakufikisha mlangoni."

Msusi akapiga magoti. Alifungua valvu, akaweka mdomo juu ya plastiki ile yenye joto, akavuta.

Ubao ulianguka. Ulisinyaa mara moja kwa kishindo kama mnyama aliyepigwa. Na msusi, akiinuka na mashavu yamejaa, alihisi kidole chake kikiwaka moto wa siku zote zilizopita, akahisi mgongo ukimrudia mfupa kwa mfupa, akamwona mama mdogo amejilaza anauliza habari zao na hakuna aliyefika, akaliona lile goti likipigwa ngumi na yeye amesimama anatazama, vyote vikaja kwa pamoja bila kupanga foleni, machozi yakimtiririka huku akitembea koridoni, bega likigonga ukuta, mkono mbele kama kipofu, akaufikia mlango, akashika kitasa.

Nyuma yake Chiriku akalia. Kilikuwa kilio cha kweli, cha mtoto aliyeumia, kilio ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia kwa muda mrefu. "Mama! Inauma! Mama!"

Hata Mama Pumu alisema baadaye kwamba hakuna mama duniani ambaye angeweza kutoitika.

"Abee, mwanangu," alisema msusi.

Wakasikia koo lake likimeza.

Chiriku alishonwa mdomo hospitali, akapiga mayowe mpaka wauguzi wakacheka, na fundi alikaa kwenye benchi akiyasikiliza mayowe yale kama muziki. Ubao waliukatakata, na safari hii kisu kilipita kama kwenye mpira wowote. Mama Pumu alirudi mara kadhaa. Mwishowe hakurudi, na simu yake ikawa haipokelewi.

Msusi anakwenda saluni kila siku. Anasuka kuanzia kufungua mpaka kufunga bila kukaa, na mgongo haumsumbui. Wateja wanamsifu. Nyumbani anapika vizuri, anampiga Chiriku busu kabla ya shule, kwa sababu anakumbuka kwamba busu lipo.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana alijilaza kitandani, na fundi akalala karibu yake. Dirisha lilikuwa wazi, Chiriku anasikika nje akibishana na shangazi yake juu ya kamba ya kurukia. Fundi aliweka sikio kwenye kifua cha mkewe, kama walivyokuwa wakifanya walipooana. Akasikia pumzi ikiingia, ndefu, ya polepole. Mkewe alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Fundi akasubiri itoke.