Mawien Ametoroka Kituoni

"Awoi, uko nyumbani?"

"Niko, Mama Nangiro. Kuna nini?"

"Mawien ametoroka. Tangu asubuhi hatumuoni. Jifungie!"

Simu nusura imponyoke. Nangiro alikuwa mshauri katika kituo cha waraibu kule Lodwar, si mtu wa kutisha watu ovyo. Awoi akafunga mlango wa mabati, akausukumia pipa la maji. Mara ya mwisho Mawien, mchumba wake, alipofika hapa Kakuma, pombe ya chang'aa na vidonge vya kulevya vimempanda kichwani, aliitia nyumba moto Awoi akiwa ndani. Kesho yake hakukumbuka lolote. Alipoambiwa alilia, akakubali kupelekwa kituoni.

Alasiri, mabati yakagongwa.

"Awoi. Ni mimi."

"Umekunywa?"

"Bado."

"Bado! Bado ni nini?"

"Nimepita kwa Marial, amenimiminia kikombe. Nikasema nikuulize kwanza." Akaegemea mlango. "Ni kweli unaolewa Jumamosi?"

"Na nani?"

Mawien akapitisha simu yake chini ya mlango. Ujumbe wa Marial ulisomeka:

"Kaka, umefungiwa huko bure. Jumamosi Awoi anaolewa na Ebenyo. Toka, kuja kwangu tuzime mawazo."

Hasira ikampanda Awoi, lakini hofu haikumtoka.

"Ebenyo anavua samaki Kerio, kule ziwani, mwaka mzima sijamuona! Marial anauza chang'aa, Mawien. Wewe ndiye mteja aliyempoteza."

Nje kikasikika kilio cha mtu mzima.

"Fungua, nikushike mkono tu."

"Siwezi. Nakupenda, na nakuogopa."

"Basi niende?"

"Usiende! Kaa hapo hapo. Ongea na mimi."

Akampigia Nangiro alete gari. Kisha yeye na Mawien wakaketi mgongo kwa mgongo, bati katikati. Mawien alimweleza jinsi koo linavyomwaka kwa kiu ya chang'aa, akitetemeka hadi bati likalia. Mara akasimama aondoke. Awoi akamwita kwa jina, naye akaketi tena.

Gari la kituo lilipofika, Awoi alisukuma pipa kando, akatoka. Hakumkumbatia. Alipanda naye kiti cha nyuma, wakaenda pamoja hadi Lodwar.

Mwaka uliofuata, Mawien alipomaliza matibabu, walifunga ndoa huko huko, wageni wakinywa soda na chai. Padri alipomuuliza bibi harusi kama yuko tayari, Awoi alinyamaza mpaka kanisa likaanza kunong'ona.

"Naogopa, Padri," alisema. "Lakini niko tayari."