Mkono wa Baba Osward

Asubuhi za Ileje huanza na ukungu. Elina alipika uji wa ulezi, akaupoza, kisha akamlisha mumewe Anyitike kijiko kwa kijiko. Anyitike alikuwa amepata kiharusi. Hospitali walimwokoa, akarudi nyumbani na dawa za shinikizo la damu. Lakini upande wake wa kulia ulibaki umelegea.

Elina hakutaka aguse kitu. Alimwosha, alimvisha, alimfuta mdomo. Majirani walisema, "Mke ndiye huyu!" Tuseme ukweli, sifa hizo zilimnogea.

Kahawa ikaiva shambani. Anyitike akaomba kukaa karibu na mashine ya kumenyea. Ilikuwa mashine ya mkono, na miaka yote yeye ndiye aliyeizungusha. Akajaribu kushika mpini. Elina akamtoa mkono polepole.

"Pumzika, Baba Osward. Mimi nipo."

Anyitike akageukia ukutani, machozi yakamtoka. Moyo wa Elina ulimuuma, ila hakujua amekosea wapi.

Walipokwenda kuchukua dawa zahanati, walielekezwa hospitali ya wilaya. Kule alikuwa amefika Tabita, mtaalamu wa mazoezi tiba. Barabara ilikuwa mbaya, wakafika hoi.

"Mama, nani anamlisha baba?" Tabita aliuliza.

"Mimi."

"Na kumvisha?"

"Mimi mwenyewe. Hagusi kitu!" Elina alijibu kwa fahari.

Tabita akatabasamu. "Umempenda mpaka mkono umesahau kazi. Sikiliza, mama. Kiharusi hutokea damu isipofika sehemu ya ubongo, au mshipa ukipasuka kichwani. Mkono huu haujafa. Ubongo ndio umepoteza njia ya kuutuma. Akirudia kazi ile ile kila siku, ubongo hujifunza upya. Ukimfanyia kila kitu, ubongo utajifunza wapi?"

"Sasa nimwache ahangaike?"

"Mwache ajaribu, nawe uwe karibu. Usimvute mkono, bega litaumia. Akichoka, apumzike. Na dawa asiache. Huu ndio utengamao: kumsaidia mtu ajihudumie tena. Nyumbani mnalima nini?"

"Kahawa."

"Basi kahawa ndiyo itakuwa mazoezi yake."

Nyumbani, Anyitike akaanza kuchambua kahawa kwenye ungo kwa mkono wa kulia. Punje zilimponyoka, zikatawanyika chini. Elina aliikalia mikono yake mwenyewe ili isikimbilie kusaidia. Majirani wale wale wakageuka. "Mama Osward kamchoka mumewe! Mgonjwa anafanyishwa kazi!" Maneno yalimchoma, lakini hakurudi nyuma.

Siku moja punje ikashikika. Baadaye kikashikika kijiko. Msimu uliofuata Anyitike alishika mpini wa mashine, akauzungusha huku akicheka.

"Mama Osward, leta kahawa! Mbona unanichelewesha?"

Elina alicheka na kulia kwa pamoja.

Lakini aliwafikiria wagonjwa wengine wa kiharusi waliolala ndani kwa kuwa hospitali ni mbali. Akamwomba Tabita aje kijijini. Hospitali ikakubali aje kila wiki, kijiji kikitoa chumba. Elina akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akaomba stoo ya mbolea iliyo jirani na zahanati, kisha akaketi.

"Chumba kizima kwa wagonjwa wachache?" Lusubilo, mkulima mwenzao, alipinga. "Na watu wenyewe hawaponi!"

Watu wakaguna. Mwenyekiti, Mzee Eliakim, akasema, "Tupige kura. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Watu wakatazamana. Ndipo Anyitike akasimama, fimbo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukaanza kupanda. Ukafika kifuani. Ukafika begani, ukakwama. Elina alitamani kuusukuma. Akaikalia mikono yake tena.

Mkono ukapita kichwa, ukasimama juu.

Vigelegele vikapasuka! Mikono ikanyooka uwanja mzima. Lusubilo alimtazama Anyitike, naye akanyoosha wake.

"Imepita!" alitangaza Mzee Eliakim. "Haya, Baba Osward, shusha sasa. Tumekwisha kuona."

"Bado, Mwenyekiti," Anyitike alijibu. "Uache ukae huko juu kidogo."