Fulana Isiyosema

Aikande Mlaki alikuwa akishuka mlima kwa mwendo wa gari la wagonjwa, na macho yake hayakuona hata mwanga wa taa. Mbele yake ilisimikwa miti myembamba, miwili miwili, kila jozi ikiwa mlango ambao ni lazima aupite. Hakuna aliyemwambia milango iko wapi. Aliyejua ni fulana aliyoivaa chini ya koti. Mlango ulipokuwa kushoto, fulana ilimfinya ubavu wa kushoto, na kabla hajafahamu kwamba amefinywa, paja lilikuwa limekwisha kukaza, mbao za kutelezea zimekwisha kugeuka, na theluji inaruka nyuma yake kama pumba kwenye mashine ya kukoboa.

Hiyo ndiyo iliyoitwa fulana-elekezi. Vihisio vilivyopachikwa kwenye kofia yake ngumu viliusoma mlima wote, na nyuzi nyembamba kuliko unywele zikapeleka umeme mdogo moja kwa moja kwenye misuli. Mhandisi Tusekile, aliyeibuni, alipenda kuieleza kwa maneno yake mwenyewe.

"Sauti ina safari ndefu," alisema. "Inatoka mdomoni mwa kiongozi, inaingia sikioni, inapanda kwenye ubongo. Ubongo unaitisha kikao. Kikao kikiisha ndipo mguu unapewa taarifa. Fulana yangu haipigi hodi kwenye ubongo."

Haya yote yalitendeka ndani ya Kuba la Marangu. Barafu ya Kibo ilikuwa imekwisha siku nyingi, imebaki kwenye picha na kwenye nyimbo za shule, na watu wenye akili nyingi wakaona kwamba mlima usio na theluji ni hasara. Basi wakafunika vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya watu, migomba na kahawa pamoja, kwa paa moja kubwa la kioo, wakaweka mashine za kutema theluji. Watalii wakaja. Na kwa kuwa serikali haipendi kuonekana imewasahau watu wake, pembeni ya mteremko wa watalii ikaanzishwa timu ya vijana wenye ulemavu. Aikande aliingia humo akiwa hajui theluji ni kitu gani, ila kwamba inachoma vidole.

Alipofuka kwa ugonjwa akiwa na miaka kumi, watu walimpenda sana, na mapenzi yao yote yaliishia kwenye mkono wake. Alishikwa mkono kwenda kanisani, akashikwa mkono kwenda dukani, akashikwa mkono kwenda chooni hata siku ambazo njia aliijua kuliko anayemshika. Kwenye mteremko hakuna aliyeweza kumshika. Ilikuwa ndiyo sehemu pekee duniani alikokwenda kasi, peke yake, kwa miguu yake. Alitaka kuendelea kwenda, basi. Na mlango wa kuendelea ulikuwa mmoja: kufuzu kwa michezo mikuu ya baridi katika daraja la wasioona. Asiyefuzu alirudishwa nyumbani, na nafasi yake akapewa mwingine.

Kabla ya fulana alikuwapo Kaanaeli. Huyu alikuwa kiongozi wake, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye kifua kipana na sauti ya kwaya. Kazi ya kiongozi ni kutangulia mbele ya mkimbiaji akiwa na kipaza sauti mgongoni, akiita njia: haya, kushoto, haya, kulia, nyoosha, simama. Hanyamazi hata kidogo, maana kimya cha kiongozi ni shimo. Kwa sheria ya mchezo huu wawili hao ni mtu mmoja. Kiongozi akikosa mlango, mkimbiaji naye amekosa, na wakishinda wanavikwa medali wote wawili. Kwa miaka minne Aikande alishuka akining'inia kwenye sauti hiyo, na kwa miaka minne waliukosa muda wa kufuzu kwa kiasi cha kupepesa jicho.

Ndipo Tusekile akaja na fulana yake, akaomba ijaribiwe na Aikande.

Mwanzoni mambo yalikwenda ovyo. Kaanaeli aliita, fulana ikafinya, na mwili wa Aikande ukababaika kati ya mabwana wawili.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," Tusekile alisema. "Mwili lazima umchague mmoja."

"Basi mimi ninyamaze," akasema Kaanaeli.

"Haitoshi. Hata ukinyamaza, sikio lake linakungoja, na kungoja kunakula muda. Nataka uite. Uite uongo. Mlango ukiwa kushoto, wewe mara mwambie kulia, mara mwambie kushoto, mara mwambie asimame. Changanya upendavyo. Mwili ukishaona sauti haina maana, utaiacha wenyewe."

Kaanaeli alivua kofia, akaivaa tena. "Dada mhandisi, huyu binti ananifuata gizani. Unaniambia nimdanganye?"

"Nakwambia umsaidie."

Aikande alikuwa ameketi juu ya theluji, akifunga buti zake. "Kaka," akasema, "nidanganye. Mimi nataka kwenda."

Mtu aliyekuwa na neno la kupinga siku ile hakulisema. Nami simlaumu hata mmoja wao. Ukiwa na kiu, huulizi kisima kilichimbwa na nani.

Wakaanza. Kaanaeli alitangulia akipiga kelele za uongo mlima mzima, na Aikande akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Alivimba bega, alipasuka mdomo. Kilichomuuma zaidi kilikuwa kusikia sauti ile ile iliyomlea mlimani ikimwita penye hatari, huku naye anajilazimisha asiitike. Jioni Kaanaeli alikuwa hali chakula. Lakini polepole mwili ulielewa somo. Sauti ikageuka kelele, kama redio ya jirani, na fulana ikashika usukani. Siku aliyopita milango yote bila kukosa huku Kaanaeli akibweka "simama, simama" kutoka juu mpaka chini, walikumbatiana watatu, wakacheka mpaka machozi.

Siku ya mashindano ya kufuzu, Aikande alishuka peke yake na fulana yake. Hakuna aliyetangulia mbele. Ubao ulipotangaza muda wake, Kuba lote lilipiga makofi, na Kaanaeli alikuwa chini akimngoja na blanketi. Aikande alikuwa amevunja muda wa kufuzu, na si kwa kupepesa jicho.

Kisha akaja afisa wa madaraja, mtu mpole mwenye kuchagua maneno.

"Hongera sana binti," alisema. "Ila kamati imekaa. Aliyevaa fulana anajua mlango ulipo sawasawa na mwenye macho. Muda wako unahesabika katika daraja la wanaoona."

"Daraja la wanaoona?" Aikande aliuliza. "Kwa hiyo mimi naona?"

"Kwa mujibu wa kanuni, ndiyo."

"Basi bwana afisa, kwa mujibu wa kanuni, umevaa shati la rangi gani?"

Afisa alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, na huenda usiku ule hakulala vizuri, lakini kanuni haikubadilika. Katika daraja la wanaoona walikuwamo watu waliozaliwa kwenye theluji, waliojifunza kuteleza kabla hawajajua kusema. Muda wa Aikande kwao ulikuwa muda wa watoto.

"Ipo njia moja," afisa akaongeza. "Ukishuka bila fulana, na kiongozi wako wa kawaida, unabaki katika daraja lako la zamani. Mashindano ya mwisho yapo mwisho wa msimu."

Kaanaeli alifurahi wazi wazi. "Si ndiyo hivyo tu?" alisema. "Tunarudi kwetu, mdogo wangu. Mimi nipo."

Wakarudi. Asubuhi ya kwanza Kaanaeli alitangulia, akaita kwa ile sauti yake nzuri, "Haya, kushoto!" Aikande alisikia. Alijua sasa ni kweli. Akaiambia miguu ikate kushoto, na miguu ikakaa inangoja kufinywa. Mlango ukapita. Kaanaeli akaita tena, na tena miguu ikangoja. Walijaribu taratibu kwenye mteremko wa watoto wa watalii. Walijaribu hata kugeuza, Kaanaeli aite kulia pale alipotaka kushoto, lakini uongo wake wa zamani haukuwa na mpangilio, na mwili haukujifunza kinyume. Ulijifunza kutomsadiki tu.

"Mimi nakuamini, kaka," Aikande alisema, akilia kwa hasira. "Nakuamini!"

"Najua."

"Sasa kwa nini hainiamini hii miguu?"

Wakamwendea Tusekile. Alikuwa amehamishiwa kwenye fulana za watalii, maana kampuni ilikwisha kuona kwamba kitu kinachomtelezesha kipofu kitamtelezesha hata tajiri mvivu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono yake mezani.

"Najua kuufundisha mwili," alisema. "Kuusahaulisha sijui. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna atakayetaka kurudi." Kisha akainama, na ikawa wao ndio wanaombembeleza.

Hawakukata tamaa, na hapo ndipo walipokosea. Siku moja, wakiwa katikati ya mteremko, Kaanaeli aliona roboti la kusawazisha theluji limekwama chini tu ya mlango uliofuata, limelala likiizuia njia. Akafunga breki, akageuka, akapaza sauti yote aliyojaliwa na Mungu. "Simama!"

Aikande alilisikia neno hilo vizuri kabisa. Akili yake ilisimama. Miguu yake, iliyokuwa imepigiwa neno hilo mlima mzima, kutwa baada ya kutwa, ikiambiwa kwamba si lolote si chochote, ilinyoosha mbao na kushuka. Kaanaeli angeweza kuruka pembeni. Lakini nyuma yake palikuwa na chuma, basi akapanua mikono akampokea kwa mwili wake.

Nyonga ya Kaanaeli ilivunjika, na goti likaharibika kiasi ambacho madaktari hawakutaka kulizungumzia mbele yake. Mashindano ya mwisho wa msimu yalifanyika bila wao. Nafasi ya Aikande kwenye timu ilikwenda kwa kijana mwingine, mwenye fulana mpya, aliyeandikishwa moja kwa moja daraja la wanaoona ili apate angalau mazoezi.

Aikande alipopelekwa hospitali kumtazama Kaanaeli, shangazi yake alimwacha mlangoni akaenda kutafuta maji. Chumba kilinuka dawa na supu.

"Umekonda," Kaanaeli akasema kutoka kitandani.

"Umenionaje na umelala?"

"Macho ninayo. Kilichobaki ndicho hicho." Alicheka kidogo, akasita kwa maumivu. "Usisimame hapo. Kiti kipo kulia kwako. Hatua moja tu."

Aikande alimwamini kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua. Alitaka kukaa karibu naye, amshike mkono, amwombe msamaha ambao wote wawili walijua hauna pa kwenda. Alitaka hatua moja tu. Mguu wa kulia ukakaza, ukakataa.

"Kulia, mdogo wangu," Kaanaeli akasema tena, pole pole. "Kulia. Ni kweli."

"Najua ni kweli," akajibu.

Shangazi aliporudi na maji alimkuta bado amesimama pale pale, jasho linamtoka. Akamshika mkono, akamketisha.