Njia ya Tochi Juu ya Magugu

Kulipokucha, ziwa halikuwepo. Paskazia aliinuka juu ya jabali walilolalia, akatazama chini mahali boti ilipofungwa jana yake, akaona shamba. Majani mapana yenye maua ya zambarau yalikizunguka kisiwa pande zote hadi macho yalipochoka, na boti ilikuwa imekaa katikati yake kama ng'ombe aliyelala kwenye majaruba ya mpunga.

"Wifi, amka," alisema. "Ziwa limeondoka."

"Limekwenda wapi, kwenu Misungwi?" Atieno aliuliza bila kufumbua macho. Alipoyafumbua, utani ulimwisha.

Yalikuwa magugu maji. Miaka ile yalikuwa yamelivamia Ziwa Viktoria, na upepo wa usiku uliyasukuma yakaja kukwama kwenye kisiwa hiki cha mawe matupu, mwendo wa nusu siku kutoka Mwanza.

Safari aliitaka Paskazia. Alikuwa na studio ndogo ya picha Igoma, na tangu serikali ifungue milango ya biashara na mashine za kusafisha picha za rangi ziingie mjini, wateja walimkimbia mmoja mmoja. Aprili hiyo ya 1997 nyota yenye mkia ilikuwa ikionekana kila jioni upande wa kaskazini-magharibi. Hakuna aliyemwagiza, lakini aliamua kuipiga picha. Mjini taa zingemharibia, na boti inayumba. Alihitaji jabali na giza safi. Atieno, dada wa mume wake Orwa, alikuwa akinunua sangara visiwani kwa boti yake mwenyewe, akakubali kuchepuka kwa ajili yake. "Watu wamekukimbia, sasa unaihamia mbingu," alimwambia. Lakini nyota ilipojitokeza na mkia wake mweupe, Atieno alikaa kimya mpaka ilipozama, na kwa wanaomjua hilo si jambo dogo.

Asubuhi hii Atieno alishuka kwenye boti, akawasha injini. Propela ilizunguka kidogo, ikasongwa na mizizi. Aliinama na panga kuikata. Magugu yakaisukuma boti, ikagonga mwamba, na panga likamzamia pajani, juu kidogo ya goti.

Damu ilitoka kwa nguvu. Paskazia alichomoa mkanda wa kamera, akaufunga juu ya jeraha, akaukaza kwa kijiti.

"Usinifunge kama gunia la mkaa," Atieno alisema, meno yakigongana.

"Nyamaza. Unaona giza?"

"Nakuona wewe. Bora giza."

Alimburuta hadi juu ya jabali, akamtengenezea kivuli kwa turubai. Maji ya kwenye dumu yaliisha mchana. Yaliyokuwa chini ya magugu yalikuwa meusi na yananuka uozo. Paskazia aliyachuja kwa khanga, akavunja kasha la samaki kupata kuni, akayachemsha. Kila alipoulegeza mkanda ili mguu usife, damu ilianza upya. Alasiri Atieno alikuwa akitetemeka juani na midomo yake imekuwa ya kijivu. Upepo nao ulikuwa umetulia kabisa. Magugu yangeweza kuondoka kesho au wiki ijayo. Atieno asingeweza kungoja, na Paskazia aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Jua lilipozama, taa za karabai za wavuvi wa dagaa zilianza kuwaka mbali, ng'ambo ya magugu. Paskazia alichukua flashi ya kamera, akaimulika kuelekea kwao tena na tena mpaka betri zikachoka. Hakuna taa iliyosogea.

"Wanadhani ni radi," Atieno alisema. "Masika haya, nani atashughulika na radi?"

Waliita kwa sauti. Umbali uliimeza.

Paskazia aliiacha kamera kwenye miguu yake mitatu, waya wa kufyatulia ukining'inia, ikitazama kule kule kwenye taa na nyota, akateremka botini, akang'oa mbao mbili za sakafu.

"Nakwenda kwa tumbo," alisema.

"Kuna mamba humo."

"Magugu yamebanana hivi, atapita wapi?"

"Chini, kama mamba."

Paskazia aliifunga tochi yake ndogo ndani ya mfuko wa nailoni, kisha akaifunga mgongoni kwa khanga, mwanga ukielekea nyuma. "Ukiiona inawaka, ujue nipo," alisema. Akalala juu ya ubao wa kwanza.

Ubao mmoja ulimbeba, mwingine aliusukuma mbele. Akahamia huo, akavuta ule wa nyuma, akausukuma tena. Magugu yalizama chini ya uzito wake, maji yakampanda hadi kifuani, kisha yakainuka. Wadudu walimwingia masikioni. Nyoka alipita juu ya mkono wake bila haraka, naye akangoja apite, maana hakuwa na la kumfanya. Mwanamke huyu kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wainue kidevu. Viwiko vyake vilichubuka vikatoka damu, na bado aliendelea kutambaa.

Katikati ya njia magugu yalikuwa yamelegea. Ubao ulipinduka, akazama. Chini kulikuwa na giza tupu. Alipapasa juu na kukuta mizizi tu, imesukana kila mahali, bila tundu. Kifua kilianza kuwaka. Ubao ulikuwa bado mkononi. Aliusimamisha wima, akausukuma juu kwa nguvu zote, kona yake ikapasua majani, naye akaufuata. Alitapika maji, akalala pale akilia kama mtoto. Kisha akasogeza ubao mbele.

Alipofika ukingoni mwa magugu aliweza kuona watu ndani ya mitumbwi. Aliwaita. Badala ya kuja, walianza kuzima taa, kwa sababu wezi wa injini walikuwa wamewachosha wavuvi. Ndipo Paskazia alipopiga yowe. Lilikuwa yowe la kwao Misungwi, linalopigwa na wanawake ng'ombe wakiibwa, refu, mkono ukigonga mdomo. Kule kwao anayelisikia akalala hana pa kuficha uso wake kesho. Taa moja ikawaka tena, halafu nyingine, na makasia yakaanza kusikika.

"Nani anapiga yowe ziwani?" aliuliza mwanamume aliyesimama mbele ya mtumbwi.

"Mke wa Orwa, wa Misungwi. Wifi yangu yuko kwenye jabali, ana jeraha baya."

"Tuliona mwanga kule, tukasema radi." Alimshika mkono, akampandisha. "Mimi Luhende. Yowe nimelijua."

Luhende aliita mitumbwi mingine. Walikata njia kwa mapanga usiku kucha, na alfajiri walimkuta Atieno ameegemea miguu ya kamera, macho wazi. Mguu ulipona hospitalini, ingawa tangu hapo anatembea akiinamia upande.

Aliporudi nyumbani, Paskazia alisafisha filamu. Picha za nyota zilikuwa safi, mkia umetandaa kama alivyoutaka. Baada ya hizo palikuwa na moja ambayo yeye hakuipiga. Nyota zilikuwa zimejichora mistari ya kushuka, chini kulikuwa na madoa ya karabai, na kutoka kwenye jabali ulitoka mstari mwembamba wa mwanga, uliopinda huku na huku juu ya weusi. Katikati ulikatika. Palikuwa na pengo, kisha mstari ukaanza tena, ukaenda hadi kwenye taa.

Alimpelekea Atieno. "Ni wewe uliyeipiga?"

"Nilikuona jana yake ukibonyeza ule waya. Nilitaka wakitukuta tumekufa, Orwa ajue ulipita wapi."

Paskazia aliitazama picha. Waya ule hauna kufuli. Ukibonyeza, kamera inafumbua jicho, ukiachia, inalifumba. "Ulibonyeza muda wote huo?"

Atieno aliweka kidole kwenye pengo. "Hapa ulipotea. Nikajiambia nikiachia, nimekubali kwamba umekufa." Alikisogeza kidole hadi pale mstari ulipoanza tena. "Sikuachia."

Paskazia aliushika ule mkono uliobonyeza waya, akakaa nao mapajani mwake.